Neno "Imehifadhiwa" Lina Uzito Gani? Usimamizi wa Kashe ya Diski katika Seva za Hifadhidata

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Umeme unapokatika mchana mjini Ifakara, jambo la kwanza analoliona mwananchi aliyesimama mbele ya dirisha la huduma ni kioo cha kompyuta kuzimika. Swali linalomjia ni umeme utarudi saa ngapi. Swali ambalo halimjii, na mara nyingi halimjii hata karani aliye upande wa pili wa dirisha, ni hili: taarifa zangu zilizoandikwa dakika moja iliyopita, ambazo kompyuta ilikwisha kusema "imehifadhiwa", ziko wapi sasa?

Huenda ziko salama ndani ya diski ya seva. Huenda pia hazipo mahali popote duniani. Tofauti kati ya hali hizo mbili hutegemea mpangilio mdogo wa kompyuta ambao wananchi wengi hawajawahi kuusikia, na ambao baadhi ya ofisi huuacha kama ulivyotoka kiwandani bila kuuliza umewekwaje. Mpangilio huo unahusu kumbukumbu ya muda ya kuandikia diski, ambayo wataalamu wa TEHAMA huiita kashe ya uandishi. Makala haya yanaeleza kashe hiyo ni nini, kwa nini ipo, inapotezaje taarifa, na ofisi yenye seva ya hifadhidata inapaswa kufanya nini ili neno "imehifadhiwa" liwe la kweli.

Pantoni na magunia

Wakazi wa Bonde la Kilombero wana mfano mzuri wa jambo hili. Kabla ya Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 kuzinduliwa Mei 2018, aliyetoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alivuka Mto Kilombero kwa pantoni. Pantoni haikuvuka kwa ajili ya gunia moja la mpunga. Magunia yalirundikwa ukingoni, magari yakapangwa, abiria wakasubiri, na shehena ilipotosha ndipo safari ikaanza. Utaratibu huo ulikuwa na busara yake, kwa kuwa kuvuka mara moja na magunia hamsini ni nafuu kuliko kuvuka mara hamsini.

Diski ya kompyuta hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Diski ya kawaida inayozunguka hufanya mizunguko 7,200 kwa dakika, yaani 120 kwa sekunde, na kila mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 8.3. Programu inayotaka kuandika rekodi moja, kusubiri ifike kwenye sahani ya diski, kisha kuandika nyingine, haiwezi kuvuka rekodi zipatazo 120 kwa sekunde. Kwa jicho la mwanadamu hiyo ni kasi kubwa. Kwa seva inayohudumia madirisha kumi kwa wakati mmoja ni mwendo wa kinyonga. Kwa sababu hiyo watengenezaji wameweka kumbukumbu ya muda katikati. Rekodi hupokelewa huko kwanza, karani huambiwa kazi imekamilika, na diski huandika baadaye, shehena ikishakuwa ya kutosha.

Tatizo liko kwenye stakabadhi. Fikiria mpokeaji wa mizigo wa ukingo wa Ifakara anampa mwenye gunia karatasi inayosema "gunia limevuka", ilhali gunia bado liko mchangani likisubiri pantoni. Siku nyingi hakuna atakayejua, maana pantoni itakuja na gunia litavuka. Siku ambayo mto utafurika usiku na kuchukua vilivyo ukingoni, mwenye gunia atabaki na karatasi tu.

Kumbukumbu ya muda haihifadhi kitu bila umeme. Umeme ukikatika, kila kilichokuwa humo na hakijaandikwa kwenye diski hupotea, na hakuna fundi anayeweza kukirudisha kwa kuwa hakikuwahi kuwapo kwenye diski.

Mahali pa kusubiria si pamoja

Maafisa TEHAMA wanapozungumzia kashe ni vyema wakaulizwa ni kashe ipi, kwa sababu rekodi hupita katika vituo kadhaa kabla ya kufika.

Kituo cha kwanza ni kumbukumbu ya mfumo endeshi wenyewe. Katika mfumo wa Linux, kwa mpangilio wa kawaida, taarifa iliyoandikwa bila agizo maalumu la kuiharakisha inaweza kukaa humo takriban sekunde 30 kabla ya kusukumwa kwenda kwenye diski. Kituo cha pili, kwa seva zenye diski kadhaa zilizounganishwa kufanya kazi kama moja, ni kadi ya kidhibiti inayozisimamia, ambayo mara nyingi ina kumbukumbu yake. Kituo cha tatu kimo ndani ya diski yenyewe. Seva ikiwa ni mashine pepe inayoendeshwa ndani ya kompyuta kubwa, huongezeka kituo cha nne, kwa sababu kompyuta hiyo mwenyeji nayo inaweza kuwa na kumbukumbu yake ya kusubirishia.

Programu nzuri za hifadhidata zinalijua jambo hili. PostgreSQL, MySQL, Oracle na SQL Server zote hutunza daftari la miamala, ambamo kila badiliko huandikwa kwa mpangilio kabla ya kuingizwa kwenye jedwali husika. Muamala unapokamilika, hifadhidata hutoa agizo kwa mfumo endeshi: sukuma ukurasa huu wa daftari hadi kwenye diski, na usinijibu mpaka umefika. Kwenye Linux agizo hilo hujulikana kwa jina la fsync. Mfumo endeshi nao huiamuru diski imwage kashe yake. Vituo vyote vikitii, taarifa iko salama hata kama kashe ya diski imewashwa.

Jambo hili linahitaji msisitizo, kwa kuwa ushauri unaosambaa miongoni mwa mafundi ni wa aina mbili zinazopingana: wapo wanaosema kashe izimwe kabisa, na wapo wanaosema iwashwe kila kitu ili seva iende kasi. Kashe yenyewe haina ubaya. Ubaya huanza pale agizo la kumwaga linapopuuzwa njiani. Kashe inayotii agizo huipa ofisi kasi katika kazi zisizo nyeti na uhakika katika kazi nyeti. Isiyotii hutoa stakabadhi ya gunia ambalo halijavuka.

Katika mfumo wa Windows, sehemu ya sera za diski ina visanduku viwili vya kuweka alama. Cha kwanza huwasha kashe ya uandishi ya diski. Cha pili, kilicho chini yake, huzuia mfumo endeshi kuiamuru diski imwage kashe hiyo. Kisanduku hiki cha pili ndicho cha kuogopwa. Kinafaa tu pale diski ina chanzo chake cha umeme kinachoiwezesha kumaliza kuandika baada ya umeme mkuu kukatika, na hata maelezo yaliyoandikwa chini yake yanasema hivyo. Mwandishi wa makala haya amewahi kukaa katika ofisi moja ambako kisanduku hicho kiliwekewa alama na fundi aliyeitwa kwa sababu "mfumo ni mzito". Mfumo ukawa mwepesi na fundi akasifiwa. Miezi michache baadaye umeme ulikatika saa za kazi, na ulipowaka hifadhidata haikufunguka. Siku mbili zilikwenda katika kurejesha nakala ya usiku wa jana yake, na watu waliohudumiwa asubuhi ile walilazimika kuitwa upya mmoja mmoja. Hakuna aliyekumbuka kisanduku mpaka alipokuja mtu mwingine kukagua.

Inafaa kujua kwamba Microsoft yenyewe haiachi jambo hili kwa bahati. Seva ya Windows inapofanywa kuwa msimamizi wa majina na nywila za watumiaji wa mtandao wa ofisi, hujaribu kuzima kashe ya uandishi kwenye diski inayobeba hifadhidata hiyo, na huandika onyo kwenye kumbukumbu za mfumo ikishindwa. Kwa taarifa ambazo ofisi nzima huzitegemea ili ifungue milango asubuhi, wameona uhakika unatangulia kasi.

Kupotea na kuharibika

Wananchi wengi hudhani hasara ya kukatika kwa umeme ni kupotea kwa rekodi za mwisho. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa hutokana na mpangilio.

Diski yenye kashe huandika kwa utaratibu unaoipunguzia safari za kichwa chake, si kwa utaratibu ambao rekodi ziliingia. Rekodi ya tano inaweza kutangulia ya pili. Umeme ukikatika katikati, kinachobaki ni mchanganyiko: faharasa inasema mgonjwa yuko ukurasa wa 212, ukurasa wa 212 ni mtupu, na ukurasa wa 90 umeandikwa nusu mpya nusu ya zamani. Hifadhidata ya namna hiyo inaweza kufunguka vizuri na kutoa majibu yasiyo sahihi kwa miezi mingi kabla mtu hajagundua. Ofisi iliyopoteza rekodi kumi na inajua imezipoteza ina nafuu kuliko ile isiyojua ni zipi kati ya rekodi elfu kumi zimeharibika.

Tofauti hii imo hata katika mipangilio ya programu, na afisa anayeisimamia seva anapaswa kuifahamu kabla ya kubadili chochote. Katika PostgreSQL, mpangilio wa synchronous_commit ukizimwa, umeme ukikatika hupotea miamala ya sehemu ya sekunde iliyopita, lakini hifadhidata hubaki na mpangilio wake. Mpangilio wa fsync ukizimwa, hifadhidata nzima inaweza kuharibika. Katika MySQL, mpangilio wa innodb_flush_log_at_trx_commit ukiwa na thamani ya 1, kila muamala husukumwa hadi kwenye diski. Ukiwa na thamani ya 2, usukumaji hufanyika mara moja kwa sekunde, na hiyo sekunde ndiyo inayowekwa rehani. Kwa mfumo wa kuhesabu wageni wa tovuti, sekunde moja si neno. Kwa mfumo wa malipo au wa wagonjwa, thamani iwe 1.

Hata waundaji wa programu hizi hawakuwa na majibu yote tangu mwanzo. Mwaka 2018 ilibainika kwamba kwenye Linux, diski ikishindwa kuandika, mfumo endeshi uliweza kutoa taarifa ya kosa mara moja kisha kulisahau. PostgreSQL ilipojaribu tena iliambiwa mambo ni shwari, ilhali ukurasa haukuandikwa. Tangu marekebisho yaliyofuata, PostgreSQL ikipata kosa la namna hiyo hujizima yenyewe na kuanza kujijenga upya kutoka katika daftari la miamala. Ofisi zinazotumia matoleo ya zamani ya programu hiyo zina sababu ya kusasisha.

Somo kutoka madaftari ya kaya

Bonde la Kilombero si geni katika utunzaji wa hifadhidata kubwa. Septemba 1996, taasisi ya utafiti ya Ifakara, ambayo leo inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara, ilianza kuandikisha kaya zote katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga za wakati huo. Wahojaji walirudi katika kila kaya kila baada ya miezi minne, wakiuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Mwaka 2007 ufuatiliaji wa namna hiyo ulianza pia katika eneo la mji wa Ifakara.

Kazi hiyo ilizaa matokeo yaliyosomwa duniani kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa, vilivyosambazwa katika bonde hili kupitia mradi uliojulikana kama KINET, vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 katika uhai wa watoto wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Takwimu kama hiyo hutokana na kuhesabu vifo vya watoto kimoja kimoja, kijiji kwa kijiji. Rekodi ya kifo ikipotea, mtoto huyo huonekana kwenye hesabu kana kwamba yu hai.

Mfumo wa kompyuta uliotumika katika miaka hiyo ulijengwa awali kwa ajili ya kituo cha utafiti cha Navrongo nchini Ghana, juu ya programu ya FoxPro. FoxPro ni hifadhidata ya kizazi cha zamani ambayo haina injini inayokaa kwenye seva na kuamua nani aandike nini. Hifadhidata ni mafaili tu. Yakiwekwa kwenye seva ya mafaili ili watumiaji kadhaa wayatumie kwa pamoja, kila kompyuta ya karani huyafungua kupitia mtandao na kuyaandika yenyewe, na hakuna daftari la miamala la kujijengea upya. Kwa mifumo ya aina hii, kashe ya seva ni nusu tu ya tatizo. Kompyuta za makarani nazo hupewa na Windows ruhusa ya kushikilia sehemu ya faili kwenye kumbukumbu zao ili kupunguza safari za mtandao, hivyo kompyuta moja ikizimika ghafla mezani inaweza kuacha faharasa ya ofisi nzima ikiwa imevunjika. Wasimamizi wa hifadhidata za FoxPro na Access, popote zilipotumika, walijifunza kuzima ruhusa hiyo.

Miaka ile palikuwa na kinga ambayo haikutajwa katika mwongozo wowote wa kompyuta, nayo ni karatasi. Taarifa ziliandikwa kwanza kwa kalamu katika madaftari ya kaya, nyumbani kwa mhojiwa, kisha zikaletwa Ifakara na kuingizwa kwenye kompyuta. Kilichopotea kwenye diski kingeweza kuandikwa upya kutoka daftarini.

Katika miaka ya 2010 ufuatiliaji huo ulihamia kwenye mfumo wa OpenHDS, ambamo mhojaji huingiza majibu kwenye kishikwambi na taarifa hutumwa kwenye seva ya hifadhidata. Faida zake ni nyingi: makosa hugunduliwa mhojaji akiwa bado na kaya, na hakuna foleni ya makarani wa kuingiza taarifa. Mwelekeo ni huo huo katika huduma nyingine za umma. Mfumo wa GoTHOMIS wa vituo vya kutolea huduma za afya humwezesha daktari kuona kumbukumbu za mgonjwa bila kutafuta faili la karatasi, na malipo ya halmashauri hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo.

Hata hivyo, mabadiliko haya yameondoa shahidi wa pili. Pale karatasi ilipokuwepo, diski ilikuwa nakala. Pasipo karatasi, diski ndiyo asili, na mpangilio wa kashe ambao mwaka 1996 ungeweza kusababisha usumbufu wa wiki moja ya kuandika upya, leo unaweza kufuta tukio ambalo halikuandikwa mahali pengine.

Umeme wa bonde lenyewe

Ni jambo la kufikirisha kwamba bonde hili huzalisha umeme mwingi unaotumiwa na Taifa. Kituo cha Kidatu kina uwezo wa megawati 204 na kile cha Kihansi, upande wa Mlimba, megawati 180. Hata hivyo, ujirani na mitambo haumkingi mtu, maana umeme huingia kwanza kwenye Gridi ya Taifa ndipo ukasambazwa. Aprili 1, 2024 hitilafu ilipotokea katika gridi hiyo, giza halikuchagua. Zaidi ya hapo, mvua za masika, miti inayoangukia nyaya na kazi za matengenezo hukata umeme wa eneo moja moja bila kugusa gridi.

Ofisi nyingi hujibu tatizo hili kwa kununua UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa dakika kadhaa. Ni uamuzi sahihi, lakini haukamiliki kwa kununua. UPS inapaswa kuunganishwa na seva kwa waya wa mawasiliano na kuwekewa programu inayoiamuru seva ijizime kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. Bila waya huo, UPS huahirisha tu kuzimika kwa ghafla. Aidha, haikingi dhidi ya kifaa cha kugawa umeme kilichoungua ndani ya seva, wala dhidi ya mtu wa usafi aliyechomoa waya ili achomeke kifaa chake. Betri zake pia huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na joto la Ifakara huharakisha uchakavu huo, hasa katika chumba kisicho na kipoza hewa.

Kadi za kudhibiti safu ya diski zenye betri yake yenyewe, au zenye kapasita na kumbukumbu ya kudumu, hutoa ulinzi wa karibu zaidi. Umeme ukikatika, kadi hutunza kilichokuwa kwenye kashe yake na kukiandika seva inapowaka. Kwa kadi ya namna hiyo, kashe inaweza kuwashwa bila wasiwasi na seva ikafaidi kasi. Sharti ni betri kuwa hai. Kadi nyingi hujirudisha zenyewe katika hali salama betri inapokufa, na seva huanza kwenda polepole. Hapo ndipo hatari inapoingia: fundi asiyechunguza chanzo cha upole huo huilazimisha kadi iendelee kutumia kashe bila betri. Afisa akisikia seva iliyokuwa na kasi imekuwa nzito ghafla, aulize kwanza hali ya betri ya kadi.

Diski za SSD hazina sahani inayozunguka, lakini nazo zina kashe. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya seva huwa na kapasita ndogo ndani zinazoipa diski muda wa kumaliza kuandika. Zile za kompyuta za nyumbani mara nyingi hazina. Kwa sura zinafanana na bei zinatofautiana, ndiyo maana zabuni ya ununuzi wa seva inapaswa kutaja kinga hiyo kwa maneno. Mzabuni hatakosea kuleta diski ya bei nafuu kama hakuambiwa vinginevyo.

Kuipima seva badala ya kuiamini

Karatasi za watengenezaji na maelezo ya wauzaji hayatoshi. Vipo vipimo viwili ambavyo afisa TEHAMA yeyote anaweza kuvifanya.

Cha kwanza ni cha hesabu. Seva yenye diski moja inayozunguka, isiyo na kadi yenye betri, iandike rekodi ndogo moja moja, kila moja ikisubiri uthibitisho. Tumeona kwamba kikomo ni takriban 120 kwa sekunde. Kipimo kikitoa maelfu kwa sekunde, kuna mahali stakabadhi inatolewa kabla gunia halijavuka.

Cha pili ni kuchomoa waya. Seva mpya, kabla haijapewa taarifa yoyote ya mwananchi, huunganishwa na kompyuta nyingine. Seva huandika namba mfululizo, na kila inapothibitisha kuwa namba imehifadhiwa, kompyuta ya pili huinakili. Katikati ya kazi, waya wa umeme wa seva huchomolewa. Ikishawaka tena, namba zilizomo kwenye diski hulinganishwa na zile zilizothibitishwa. Namba iliyothibitishwa na haipo ni ushahidi tosha wa kuirudisha seva kwa muuzaji, au kuzima kashe. Kipimo hurudiwa mara kadhaa, maana kufaulu mara moja kunaweza kuwa bahati. Kisifanywe kamwe kwenye seva inayotumika.

Kwa ofisi ambazo bado zinatunza taarifa katika faili la Access au jedwali la hesabu lililowekwa kwenye folda ya pamoja, hakuna mpangilio wa kashe utakaozifanya salama kikamilifu. Zihamie kwenye hifadhidata yenye injini na daftari la miamala. PostgreSQL na MySQL zina matoleo yasiyo na gharama ya leseni.

Nakala rudufu ya kila usiku hubaki kuwa ya lazima, ingawa haitibu tatizo hili. Nakala iliyochukuliwa saa sita usiku haina habari za mama aliyejifungua saa nne asubuhi. Tena, nakala ya hifadhidata iliyoharibika kimyakimya huhifadhi uharibifu huo huo kwa uaminifu. Ofisi yenye uwezo wa seva ya pili, katika jengo jingine, inayopokea miamala papo hapo, iko mahali pazuri zaidi.

Wajibu huu una sura ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa kuchukua hatua za kuzilinda, na ulinzi huo unahusu pia upotevu unaotokana na uzembe. Wengi wanapoisikia sheria hiyo hufikiria wadukuzi na uvujaji wa siri, lakini taarifa iliyofutika kwa sababu ya kisanduku kilichowekewa alama nayo ni taarifa ambayo haikulindwa.

Mwananchi hawezi kuingia chumba cha seva, wala hahitaji. Anachoweza ni kutunza stakabadhi, namba ya malipo, kadi ya kliniki au karatasi yoyote aliyopewa, hasa kama umeme ulikatika akiwa bado ofisini au muda mfupi baada ya kutoka. Akirudi, ana haki ya kuomba rekodi yake ionyeshwe kwenye mfumo.

Kwa upande wa karani, kinachohitajika ni daftari la kaunta lenye mistari na kalamu. Kila muamala huandikiwa mstari mmoja: saa na namba iliyotolewa na mfumo. Umeme ukirudi, kabla ya kumwita wa kwanza kwenye foleni, karani hufungua mfumo na kulinganisha namba tano za mwisho za daftari na zile za kwenye kioo. Zikilingana, kazi inaendelea. Zisipolingana, dirisha linafungwa na afisa TEHAMA anaitwa wakati waliohudumiwa wangali barazani.